Wiki ya Kusimika Seva

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Toleo la 13 la Debian limetoka juzi Jumamosi, tarehe 9. Nimelipakua usiku wa manane, saa za bando la bei nafuu. Ndilo litakalosimikwa kwenye seva ya shule yetu ya kata, hapa Dodoma, upande wa barabara iendayo Bahi. Ni mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix. Haununuliwi, haudai leseni ya kila mwaka, na kila mstari wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Shule yetu haina fungu la programu.

Nia yenyewe ni hii. Kidato cha nne wanakabili mtihani wa taifa mwezi Novemba. Bando la shule huisha kabla mwezi haujafika nusu. Vitabu vya kiada vinagawanywa, kimoja kwa wanafunzi kadhaa. Seva itabeba Wikipedia nzima, mitihani ya miaka iliyopita na notisi za walimu. Wanafunzi watasoma kwa waya ndani ya maabara, bila kugusa intaneti. Nalitaka jambo hili kwa moyo wote.

Kompyuta za msaada ni mbili na zote ziko stoo. Fomu ya kuzitoa inadai sahihi ya mtunza stoo, ya mhasibu na ya mkuu wa shule, kwa mpangilio huo na si mwingine. Mtunza stoo alikuwa msibani Mpwapwa na ufunguo alikuwa nao. Mhasibu hakuweza kutangulia kusaini. Nilikaa kwenye benchi la nje ya ofisi hadi saa tisa alasiri, alipofika na vumbi la safari. Nilimpa pole kwanza, fomu baadaye.

Ile kubwa kati ya kompyuta hizo ilionekana bora. Ikawa ya biti 32. Toleo la 12, la mwaka 2023, lingeisimamia, lakini toleo la 13 halina tena kisakinishi cha mashine za namna hiyo. Ndogo ni ya biti 64 na ina RAM ya gigabaiti 4. Kwa kazi ya kugawa kurasa kwa maabara moja inatosha. Kubwa imerudishwa stoo, kwa fomu nyingine.

Jumanne, 12 Agosti

Diski zimetoka Dar es Salaam kwa basi. Rafiki mwenye intaneti ya faiba alishapakia humo Wikipedia ya Kiingereza yenye picha, faili moja la gigabaiti zaidi ya 90, pamoja na ile ya Kiswahili, ambayo ni ndogo sana mbele yake. Kwa bando letu kazi hiyo ingemaliza muhula. Basi husafirisha gigabaiti kwa haraka kuliko simu.

Stendi kuu, dirisha la mizigo, foleni ilikuwa imeshapinda kona. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akifuata robota la vitenge, na nyuma yake kijana aliyekuwa akibishana kuhusu springi ya gari. Karani alikuwa akisoma majina kwenye kaunta buku, na upepo ukimfungia kurasa. Zamu yangu ilipofika, akaenda kula. Aliporudi aliukuta mzigo wangu chini ya madumu ya mafuta. Kisanduku kilikuwa kimebonyea, diski zilikuwa salama.

Usakinishaji ulianza saa kumi jioni. Ukakwama mahali pa kuchukua vifurushi vya programu. Ujumbe ulisema orodha ya vifurushi bado haijaanza kutumika, na kwamba itaanza kutumika baada ya miaka kadhaa. Seva ilikuwa inaamini kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2009. Betri ya saa kwenye ubao mama imekufa, na mashine ikikosa umeme hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Orodha hizo hutiwa sahihi na tarehe ili mtu asikuletee za uongo, na kwa seva yetu zilikuwa zimetoka siku zijazo. Ilikuwa na haki ya kuzikataa.

Niliingia BIOS nikarekebisha tarehe kwa mkono. Usakinishaji ukaendelea hadi kwenye kuchagua majira. Kwa Tanzania orodha ina jina moja, Dar es Salaam. Wanaotunza hifadhidata ya majira ya dunia huchagua mji wenye watu wengi zaidi, si makao makuu ya serikali. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973, na hadhi ya jiji tuliipata mwaka 2018. Kwenye orodha hiyo bado tunakaa chini ya Dar es Salaam.

Hifadhidata hiyo ina mambo ya kumfaa mwalimu wa historia. Inaonyesha kuwa tangu 1948 hadi 1961 saa za Tanganyika zilitangulia zile za Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, kisha zikawa saa tatu kamili kama ilivyo sasa. Habari hiyo imo ndani ya seva yetu na hakuna anayeifungua. Nimeinakili kwa ajili ya kidato cha pili.

Mwisho niliiwekea lugha ya Kiswahili cha Tanzania, ambayo mfumo unaijua kwa alama ya sw_TZ. Nikaandika amri ya kuuliza tarehe. Ikajibu kwa kuanza na siku: Jumanne. Kazi ya kuiingiza lugha yetu kwenye programu huria ina wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Waliofanya kazi ile wanastahili kutajwa maabara.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi nimeiwasha seva. Ilisema ni jana saa nne usiku.

Maelezo yapo. Mfumo huandika mara kwa mara kwenye diski saa ya mwisho uliyoijua. Ukiamka na kukuta saa ya ubao mama iko 2009, hauiamini, unaanzia pale ulipoishia. Ni busara nzuri kwa mashine isiyo na betri. Lakini kila umeme ukikatika, seva inabaki nyuma kwa muda uleule uliokatika, mpaka ipate intaneti ya kuulizia saa. Sisi intaneti hatuna ya kudumu.

Nikatazama nakala za akiba. Hakukuwa na nakala. Jana nilimwambia kijana aliye shuleni kwa mafunzo ya vitendo aipange kazi ya kunakili kila siku saa mbili usiku. Akaandika 2. Mfumo unahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 2 ni saa nane usiku. Saa mbili usiku yetu ni 20. Kijana amesoma kompyuta chuoni kwa Kiingereza na anaishi kwa Kiswahili, na saa hizo mbili hazijawahi kukutanishwa mbele yake. Tulikaa tukachora jedwali la saa 24 tukalibandika ukutani.

Bado kulikuwa na suala la pili. Kumbukumbu za mfumo zinakatika ghafla saa nne usiku, katikati ya mstari wa kazi ya kawaida. Nilikwenda kwa mlinzi.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mwalimu.”

“Babu, umeme wa maabara huzimwa usiku?”

“Saa nne kamili nazima swichi kubwa. Niliagizwa, Luku isiishe.”

Aliagizwa kweli, na hutekeleza kila siku bila kukosa. Kwa miaka yote aliyofanya hivyo shule imeokoa fedha. Tulikubaliana kuwa nakala zianze saa mbili usiku, na kwamba kabla ya swichi kubwa mashine izimwe kwa kitufe chake. Kitufe hicho kikibonyezwa, mfumo hufunga faili zote kisha hujizima. Pia nimeiwekea kazi ile sharti la kukumbuka: ikikosa muda wake, ifanyike mara seva itakapoamka. Babu ameomba maelezo hayo yaandikwe kwa herufi kubwa.

Diski haikudhurika kwa kuzimwa ghafla. Mfumo wake wa faili huandika kwanza kwenye daftari lake kile unachotaka kukifanya, ndipo ukifanye. Ulipoamka ulisoma daftari, ukarekebisha na kuendelea. Ujumbe wake ulikuwa wa mstari mmoja.

Mchana nilikwenda mjini kutafuta betri. Ni aina ya CR2032, duara, nene kidogo kuliko sarafu. Duka la kwanza la kompyuta waliniambia nije kesho. La pili walikuwa nayo ndani ya ubao mama mwingine na hawauzi bila ubao wake. Niliipata karibu na Soko la Majengo kwa fundi saa, baada ya kungoja wateja waliokuja kubadilisha mikanda. Aliipima kwa mita mbele yangu: volti tatu na ushee. Seva sasa inajua tarehe hata ikizimwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Upepo wa Agosti umefika kwa nguvu. Madirisha ya maabara yana nondo na nyavu, vioo ni vichache. Kufikia saa tano meza zote zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Saa sita seva ilianza kufanya kazi polepole, na ukurasa mmoja ukachukua muda wa kunywa chai.

Walimu walikuwa ofisini wakati nahangaika. Mmoja alinishauri kwa nia njema: “Mwalimu, si upige Windows tu?” Mwingine akauliza kwa nini tusiongeze bando, maana Wikipedia ipo mtandaoni bure. Mkuu wa shule naye alitaka jibu, kwa sababu yeye ndiye anayesaini. Nililitoa hapohapo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika. Intaneti ikadorora nchi nzima, kuanzia Dar es Salaam hadi huku uwandani. Wenye bando na wasio na bando walikaa sawa. Shule yenye nakala yake ndani ya chumba ingeendelea na kipindi kama kawaida. Ndiyo sababu ya kwanza. Mkuu aliandika kitu kwenye shajara yake.

Sababu ya pili niliwaonyesha kwenye skrini. Nilifungua kumbukumbu za mfumo, na zilikuwa zimeandika kwa dakika na sekunde kwamba joto la kichakata limevuka kiwango na kasi imepunguzwa ili kisiungue. Hakukuwa na skrini ya buluu wala ombi la kumpigia mtu. Desturi hii ya kuweka mambo katika maandishi ya kawaida, yanayosomeka na yeyote, ni ya Unix tangu enzi za Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioianza Bell Labs mwaka 1969. Mashine inasema kinachoiuma. Aliye Dodoma anaweza kuisoma sawa na aliye California.

Tulifungua kifuniko. Kati ya mapezi ya shaba chini ya feni kulikuwa na zulia la vumbi, laini, rangi ya udongo wa Bahi, limefungamana kiasi cha kubanduka kipande kimoja. Mtu alitaka tuipeleke kwa fundi pancha ipulizwe kwa kompresa. Upepo wa kompresa huja na maji, na feni ikizungushwa kwa nguvu ile huharibika. Tulitumia brashi ya rangi ambayo haijawahi kugusa rangi, huku feni ikizuiwa kwa kidole. Joto lilishuka nusu saa baadaye.

Kwa sasa seva imepandishwa juu ya rafu, mbali na dirisha, na mbele ya tundu lake la hewa tumebandika kipande cha chandarua chepesi. Kitafuliwa kila Ijumaa. Jina la mwenye zamu limeandikwa kando.

Ijumaa, 15 Agosti

Kipindi cha kwanza cha kidato cha nne kilipangwa saa tatu asubuhi. Saa mbili na nusu niliongeza kadi ya pili ya mtandao, ya kuelekea maabara. Seva ikapotea kwenye mtandao papo hapo.

Mfumo huipa kila kadi jina kutokana na mahali ilipochomekwa ndani ya mashine. Kadi mpya ilipoingia, ya zamani ilisogezwa namba, kutoka enp2s0 kuwa enp3s0. Mipangilio yote ilikuwa bado inaiita kwa jina la zamani. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha jina jipya la kadi hiyo. Nilibadilisha tarakimu moja kwenye faili. Wanafunzi walikuwa wameshapanga mstari mlangoni.

Waliingia, wakakaa wawiliwawili. Nusu ya kompyuta zikapata kurasa, nusu hazikupata. Zilizokosa zilikuwa na anwani za familia nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba kuna kifaa kingine chumbani kinagawa anwani. Tulifuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye swichi. Mmoja ulipita dirishani hadi ofisi ya pili, ambako kuna rauta ndogo ya Wi-Fi iliyochomekwa kwetu ili wapate mtandao. Kompyuta inayoamka huomba anwani kwa wote na humsikiliza aliyejibu kwanza. Tulizima ugawaji kwenye rauta, Wi-Fi ya ofisi ikaendelea kufanya kazi, na hakuna aliyenuna.

Dakika zilizobaki za kipindi zilikuwa chache, lakini zilitumika. Programu inayogawa kurasa ni Kiwix, iliyoanza mwaka 2007 mahususi kwa watu wasio na intaneti. Hufungua lile faili la gigabaiti zaidi ya 90 bila kulifumua na humpa kila mmoja ukurasa anaoutaka. Wengi walitafuta usanisinuru, kwa kuwa ndiyo mada ya wiki. Binti mmoja wa safu ya nyuma alitafuta Kondoa.

Akakuta michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Alisogea karibu na kioo. Kwao ni Kondoa, alisema, na hajawahi kuambiwa kuwa dunia inaijua. Alisoma ule ukurasa kwa Kiingereza, akafungua wa Kiswahili, akaona ni mfupi. Akauliza nani anaandika. Nilimjibu kuwa yeyote mwenye chanzo cha kuaminika anaweza, na kwamba Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na inangoja watu wa kwao Kondoa. Alinakili hilo kwenye daftari lake. Kengele ililia, na foleni ya kidato cha tatu ilikuwa tayari nje.

Jumamosi, 16 Agosti

Debian ilitangazwa na Ian Murdock siku kama ya leo mwaka 1993. Imetimiza miaka 32. Katika muda huo imeendeshwa na watu wa kujitolea duniani kote, na ina mkataba unaosema programu zake zitabaki huria. Sisi hatujalipa hata senti na tumepata kile kile wanachopata vyuo vikubwa. Sifichi kwamba jambo hili linanigusa.

Mwalimu wa shule moja ya Bahi alisikia habari akaja kuomba nakala. Alitoka kwao alfajiri, akangoja basi lijae kabla ya kuondoka. Alibeba diski ya nje na barua ya mkuu wake yenye mhuri, kuomba idhini. Nilimwambia barua haihitajiki. Leseni ya Wikipedia inaruhusu kunakili mradi chanzo kitajwe, na leseni za mfumo zinaruhusu pia. Aliiweka barua mezani hata hivyo, akataka ipokelewe.

Kunakili kulikoma baada ya muda mfupi. Diski yake imeandaliwa kwa FAT32 ili isomeke kwenye televisheni, na FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Letu ni zaidi ya 90. Ndani ya diski kulikuwa na video za kwaya za harusi ya familia. Tulizihamisha kwanza, tukaiandaa diski upya kwa exFAT, tukazirudisha, ndipo tukaanza. Aliomba kuzihakiki video zote. Tulizihakiki.

Mlango wa USB wa mashine hii ni wa kizazi cha pili, kwa hiyo kazi ilichukua zaidi ya saa nzima. Tulikula ugali wa uwele na mlenda kwa Babu tukisubiri. Mgeni alitaka kujua akikwama afanyeje, kwa kuwa kwao hakuna fundi. Nilimpa mwongozo tuliouandika wiki hii na kijana wa mafunzo, kwa Kiswahili, kwenye kaunta buku: kwanza tazama saa na tarehe, pili soma kumbukumbu za mfumo kuanzia mwisho, tatu gusa waya, nne fungua kifuniko utazame vumbi. Matatizo mengi ya wiki hii yamo katika hayo manne. Aliupiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Walimu huhamishwa. Nimeona shule ambayo kompyuta zake zilifunikwa shuka siku aliyoondoka mwalimu mmoja, kwa sababu nenosiri aliondoka nalo kichwani. Nenosiri la seva yetu limefungwa kwenye bahasha, ndani ya kabati la mkuu wa shule, na lakiri juu yake. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, binti na mvulana, wamejifunza kuiwasha, kuizima na kurudisha nakala ya akiba. Jumatatu watafanya hivyo mbele ya mkuu bila mimi kugusa kibodi. Nikipata uhamisho, anayefuata ataanzia ukurasa wa kwanza wa kaunta buku.